Herufi za Kona: Kuonekana si Kusomeka

Kila anayeingia katika karakana yangu ya mabango hapa Chake Chake akitaka kibao cha gereji, cha duka la vipuri au jina la boti, huniambia maneno yale yale: "Fundi, nipigie zile herufi za kona kona, ndizo zinazosomeka kwa mbali." Sivyo. Herufi hizo, ambazo mviringo wake umekatwa ukawa pembe na mistari iliyonyooka, huonekana kwa mbali, lakini jicho huitambua herufi kwa kile kinachoitenga na jirani yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mviringo. O imezunguka kote, D ina mgongo ulionyooka upande mmoja, 8 imebanwa kiunoni. Zikikatwa zote kwa pembe moja, O hukaribiana na D, 8 na B, huku 6, 8 na 0 zikishabihiana kiasi cha kuiangamiza namba ya simu. Nimewahi kubandua kibao kizima kwa sababu hiyo, na gharama ikawa yangu. Tazameni jina la kanga: herufi kubwa, wazi, zenye mviringo wake, na aliyekusudiwa huupata ujumbe hata akiwa ng'ambo ya barabara. Wajerumani nao, walipotoa kiwango chao cha maumbo ya herufi, DIN 1451, mwaka 1936, kilichokuja kutumika katika alama za barabarani, waliinyoosha O mbavuni lakini wakaiacha na mviringo juu na chini.

Kwa hiyo fonti, yaani mtindo wa herufi, ya kona ni ya jina la biashara tu, maneno mawili au matatu, makubwa, yenye nafasi ya kutosha baina ya herufi. Simu na orodha ya bidhaa zipewe fonti ya kawaida. Hili sijadiliani na mtu.

Wapo wanaodhani kuwa mtindo huu umezaliwa na kompyuta, ilhali fonti ya Agency Gothic ya Mmarekani Morris Fuller Benton, mbunifu wa herufi, ilitoka mwaka 1932, enzi za kupiga chapa kwa herufi za madini ya risasi. Wengine hulalamika kuwa nimewapa fonti mbovu isiyo na herufi ndogo. Nyingi hutengenezwa hivyo makusudi: fonti ya Microgramma ya mwaka 1952 ilikuwa na herufi kubwa pekee. Ama zile nafasi katika herufi za bati la kutoboa, kama zinazopigwa kwenye magunia na masanduku, si mapambo. Hapo ndipo vilipo vishikizo vya bati, na bila ya hivyo tumbo la O lingedondoka. Na kuivuta fonti kwa upana ili ijaze ubao ni kuiharibu, kwani mistari ya wima hunenepa na ya mlalo hubaki na unene ule ule.

Kabla ya kukubali fonti yoyote ya namna hii, mimi huandika kwanza neno NG'OMBE. Katika fonti nyingi za kona ile alama ya ng' ni kijiti kinene kinachoisukuma O mbali, na neno moja likawa mawili.