Kabla hujapanda mti Tabora, angalia kisiki

Kila ikikaribia tarehe 5 Juni simu yangu haitulii. Shule wanapiga, vikundi vya vijana wanapiga, kwaya wanapiga, na wote wana neno moja: "Bibi Misitu, tunataka kujitolea. Tutafutie miche 200 tupande Siku ya Mazingira." Nawajibu taratibu kwamba mwezi wa sita hapa kwetu mvua ilishakata, na haitarudi mpaka Novemba. Kuna mahali pengine mche ukiwekwa ardhini mwezi huo unapona. Tabora utakaa miezi mitano bila tone, na mchwa wamekaa mkao wa kula.

Hapo simu hunyamaza kidogo. Halafu: "Sasa siku hiyo tufanye nini?"

Njooni na mapanga, nawaambia. Na tupa ya kunolea.

Wengine hudhani ninatania. Mtu wa misitu akuambie uje na panga porini kwenye siku ya kuhifadhi mazingira! Ndiyo maana nimeona niandike, nikieleze kitu hiki mara moja, maana nimechoka kukirudia kwenye simu.

Mimi mwenyewe nilianzia kwenye miche. Nikiwa mgeni kazini wilayani Sikonge, tuliandaa siku kubwa ya upandaji kwenye eneo la kijiji lililokuwa limekatwa kuni za kukaushia tumbaku. Lori lilileta miche 600, mikaratusi na mijohoro, watu wakagawiwa fulana, hotuba zikasomwa, mgeni rasmi akapanda wake na kupigwa picha. Nilirudi mwezi wa kumi na daftari kuhesabu iliyopona. Nilihesabu 11. Mingine nikiing'oa ilikuja na kiriba chake cha plastiki, kizima, udongo umekakamaa ndani kama tofali. Aliyeipanda hakuambiwa kwamba kiriba kinachanwa kwanza. Hakuna aliyemwambia, na aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Lakini siku ile kulikuwa na kitu kingine ambacho niliking'amua nikiwa nimeshakata tamaa na nimekaa chini kunywa maji. Nilikuwa nimeegemea kisiki. Kisiki chenyewe, cha mtundu uliokatwa kwa ajili ya mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, kilikuwa na machipukizi yaliyonifika begani, majani mapya mekundu yanameta juani. Hakuna aliyekipanda wala kukimwagilia, na sisi siku ile ya sherehe tulikikanyaga tukichimba mashimo pembeni yake. Nikatazama mbele: kisiki kingine, na kingine. Msitu ulikuwa umekaa palepale. Vilivyokuwa vimekatwa ni vichwa tu.

Hii ndiyo tabia ya miombo, miti ya asili ya mapori yetu, na mtu akishaielewa, kujitolea kwake kunabadilika. Mtundu, muba na ndugu zao wana mizizi iliyoshuka mbali sana, yenye akiba ya chakula. Ndiyo maana mwezi wa tisa, ardhi ikiwa kavu hadi inapasuka, pori la Tabora huanza kutoa majani mekundu kabla hata wingu halijaonekana. Wageni huuliza maji yanatoka wapi. Yanatoka chini, ambako mche wa kitalu hautafika kwa miaka mingi. Ukikata shina, mizizi haifi. Inasukuma machipukizi kwa nguvu ileile iliyokuwa ikilisha mti mzima, na chipukizi la kisiki hukimbia mbio ambazo mche hauwezi.

Mninga ni somo la peke yake. Kila mtu anautaka kwa sababu ya mbao, na kila mwaka kuna mtu huniomba miche yake. Mninga ukiota kwa mbegu, kijiti chake cha juu hufa kila kiangazi, mvua ikirudi kinaota tena, kiangazi kinakufa tena. Huenda hivyo miaka kadhaa, mti unajenga mzizi tu, mpaka siku unapopata nguvu ya kupanda juu moja kwa moja. Aliyeupanda huku anasubiri picha ya "kabla na baada" atasema umekufa na kuung'oa. Nimeona hivyo kwa macho yangu, mzizi mnene kama kidole gumba umetupwa njiani.

Kisha kuna uyoga. Mizizi ya mitundu na miuba huishi kwa ushirika na uyoga: nyuzinyuzi zake huufunika mzizi, huuletea maji na rutuba, na mti huulipa sukari. Uyoga mwingi tunaoununua barabarani masika ni sehemu ya juu tu ya ushirika huo. Kisiki kilicho hai kinautunza uyoga wake chini ya ardhi. Ukikodi trekta ling'oe visiki ili "upande msitu", umemfukuza mwenza ambaye hauzwi kitalu chochote.

Sasa panga linaingiaje?

Kisiki kikiachwa chenyewe hutoa machipukizi mengi mno. Yanagombania maji yaleyale, yanabaki kichaka, mbuzi wanayala, moto unayachoma, mwaka unaofuata yanaanza upya. Kazi ya mtu wa kujitolea ni kuamua yapi yaendelee. Sikuifundisha mimi kazi hii vizuri kama alivyoifundisha mzee mmoja ambaye alikuwa mchoma mkaa, wa kwanza kuchekwa alipojiunga na kikundi chetu cha kuhudumia visiki. "Fisi kapewa bucha," walisema. Mzee yule anavijua visiki kuliko mimi niliyevisomea.

Siku ya kwanza alipiga goti mbele ya kisiki cha muba chenye machipukizi 17. Hakushika panga. Alishika kila chipukizi karibu na shina akalitikisa kidogo, kama anayepima jino la mtoto. Yaliyotokea juu ya kisiki yalicheza. "Haya yameshika gome tu. Upepo wa masika utayachana." Yaliyotokea chini, usawa wa udongo, hayakucheza. Akachagua matatu yaliyonyooka, yaliyotazama pande tofauti, ndipo akaomba panga. Akakata mengine kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, mkato ukiwa mshazari maji yasitulie juu yake. Kwenye yale matatu akaondoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, juu akaacha. Mabaki yote akayazungushia kisiki.

Kijana mmoja akauliza: "Namhala, uchafu huo si tuutupe?"

"Mbuzi akija atakula huo kwanza," mzee akasema. "Na wewe ungeanza na sahani iliyo karibu."

Kisiki kimoja kilimchukua dakika tano hivi. Watu 20 wakija asubuhi kwa nia, kabla jua halijawa kali watakuwa wamepita eneo ambalo kwa miche lingehitaji kitalu, lori, mashimo na maji. Tunarudi baada ya miezi sita kuondoa yaliyochomoza upya. Kazi yenyewe tunaifanya kiangazi, na ndipo tarehe 5 Juni inapopata maana hapa Tabora.

Wanaodhani hili ni jambo nimelibuni waende kwa jirani zetu Shinyanga. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 kurudisha uoto kwenye nchi iliyokuwa imebaki vumbi ulitegemea vitalu mwanzoni, na miche ya kigeni. Kilichokuja kubeba kazi ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho ili nyasi na miti vijirudie. Mradi ulifungwa 2004. Ngitili ilikuwepo kabla yake, na wenyewe hawakusubiri mtaalamu awape jina.

Panga ndilo sehemu rahisi. Moto ndio unaotupima.

Moto wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, hutambaa chini, unaruka sehemu na kuacha sehemu. Ule wa mwezi wa tisa na wa kumi haubakizi kitu, na huja wakati machipukizi yana majani mapya laini. Moto wa mwaka mmoja unatosha kurudisha kazi ya miaka mitatu udongoni. Huanzia kwa mrina asali aliyeacha mwenge ukifuka chini ya mti, kwa mfugaji anayetaka nyasi changa, kwa mwenye shamba aliyechoma mabua saa nane mchana upepo ukivuma. Sijawahi kukutana na aliyekusudia kuchoma msitu.

Kwa hiyo kikundi chetu hufyeka njia ya moto mapema, upana wa hatua kumi, hadi udongo uonekane. Ni kazi ya kuchosha, haina picha nzuri, na ndiyo inayoamua kila kitu. Moto ukivuka, unapigwa mwano. Kwa wasioujua: ni ule ukelele wa hatari wa Usukuma na Unyamwezi, ambao sungusungu waliutumia sana miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe. Ukiusikia unatoka na unachokishika, na unaupokeza kwa aliye mbele. Niliusikia mara moja usiku nikiwa nimelala kijijini. Nilipofika watu walikuwa wameshajipanga mstari na matawi mabichi, wakipiga moto pembeni na siyo usoni, wanawake wakiwa na madumu ya maji nyuma yao, wakimwagia magogo yaliyozimwa yasiwake tena. Hakuna aliyeuliza posho. Alfajiri tulikula matobolwa kwa chai ya rangi, kila mmoja mweusi kama chungu, na mwenyekiti wa kitongoji akagundua kwamba nyusi zake hazipo.

Kuhusu posho nina maneno yangu. Sina shida mtu akipewa nauli na chakula, njaa haijitolei. Shida yangu ni fulana. Nimeshuhudia kikundi kilichofanya kazi vizuri miaka miwili kikivunjika baada ya wafadhili kuleta fulana 30 kwa watu 45. Waliokosa walisema basi, waliovaa walinde. Tangu hapo mtu akitaka kutusaidia namwomba tupa, buti na madumu, na kama ana fedha zaidi, mizinga.

Mizinga kwa sababu asali ndiyo inayompa mtu sababu ya kuamka. Warinaji wa zamani hutengeneza mzinga wa gome: wanalichuna gome la muba au mtundu likiwa zima kuzunguka shina, na mti ule unakufa umesimama. Mrina mwenye mizinga 40 ameacha nyuma yake miti mingi mifu, naye ndiye wa kwanza kulalamika kwamba maua yamepungua. Hatukumkemea. Mhitimu mmoja wa chuo cha nyuki cha hapa Tabora alikuja kuonyesha mizinga ya mbao, na wazee wawili walipoona kwamba unavuna bila kuharibu kundi zima, walianza kubadilisha mmojammoja. Bado wapo wanaosema nyuki wa gome ndio wenye asali tamu. Kwa hilo sibishani nao, nimeionja.

Ya sheria nitayapitisha haraka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuweka sheria ndogo na kuusimamia kupitia kamati. Msianze kuhudumia visiki kabla mkutano mkuu wa kijiji haujakubali mpaka. Vinginevyo mtatunza miaka minne, halafu atokee mtu na karatasi ya shamba. Na kwenye mkutano huo wasikilizwe akina mama kwanza. Ukifunga msitu bila kusema kuni kavu na matunda ya porini kama mbula na ntalali yataokotwa vipi, umewafanya wezi watu ambao wangekuwa walinzi wako.

Miche sijaikataa. Nyumbani kwako panda mwembe, shuleni panda mjohoro wa kivuli, mkulima wa tumbaku apande mikaratusi yake ya bani badala ya kuingia porini. Apande Desemba, na achane kiriba.

Desemba iliyopita nilipita barabara inayopakana na lile eneo la miche yangu 600. Mama mmoja wa kikundi alikuwa amepanga uyoga kwenye sado tatu juu ya kanga. Nilinunua sado moja, nikamuuliza ameuchuma wapi.

"Kulekule kwenye visiki vyenu, Bibi Misitu."

"Kisiki kipi?"

Akacheka hadi akashika kiuno. "Hicho hata mume wangu sijamwonyesha."