Kwa nini wakili wa mjini kwetu anaishia kuwa Mheshimiwa

Mimi ni wakili hapa Arua, kaskazini mwa Uganda, kazi yangu kubwa ni kesi za ardhi, na kila uchaguzi ukikaribia watu wananiuliza mbona nyie mawakili mnakimbilia bunge hivyo. Wanadhani ni pesa tu. Pesa ipo, sikatai, lakini ukitaka kuelewa anzia kwenye kesi ya shamba.

Kesi ya ardhi haiishii kortini. Kuna siku hakimu anafunga safari kwenda kuliona shamba lenyewe, mawakili tunamfuata, na tukifika tunakuta ukoo mzima uko chini ya mwembe, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wamama na watoto mgongoni, na vijana wa boda ambao kesi haiwahusu ila wamekuja kusikiliza. Hapo wakili anamuuliza mzee wa upande wa pili, huu mti wa mpaka nani alipanda na wewe ulikuwa wapi, mzee anababaika, watu wanacheka, jioni jina la wakili liko sokoni. Ongeza simu za usiku, mtoto wa mtu kalala polisi, katiba inasema ndani ya saa 48 awe amefikishwa kortini, unaenda pale kaunta unawakumbusha kwamba bondi, yaani dhamana ya polisi, ni bure. Fanya hivyo miaka kadhaa uone kama kampeni haijaisha, umebakiza mabango tu.

Na ili ugombee ubunge digrii ya sheria si lazima. Katiba inataka uwe raia, uwe kwenye daftari la wapiga kura, na uwe umemaliza S6, yaani kidato cha sita, au elimu inayolingana nayo. Basi. Ada ya kujiandikisha kugombea ndiyo inauma, 2015 waliipandisha kutoka shilingi laki mbili mpaka milioni 3.

Huku kaskazini mfano unaotajwa sana ni Norbert Mao wa Gulu, mwanasheria kijana aliyemwangusha waziri Betty Bigombe kwenye uchaguzi wa bunge wa 1996, akakaa bungeni miaka 10, akaongoza wilaya, na 2022 akawa waziri wa sheria. Jacob Oulanyah wa Omoro naye wakili, aliingia 2001, akapigwa chini 2006, akarudi 2011 kama naibu spika, 2021 akawa spika, akafariki Machi 2022.

Kinachowashtua mawakili wakifika bungeni ni hiki: mbunge anaruhusiwa kuleta mswada wake binafsi, ila kifungu cha 93 cha katiba kinamzuia kuleta mswada unaoongeza kodi au kugusa mfuko mkuu wa serikali, hiyo ni kazi ya serikali yenyewe, na niambie ni sheria gani ya maana haihitaji hela. Kwa hiyo ujuzi wa wakili unaishia kwenye kamati, kubishana kifungu kwa kifungu, kazi nzuri sana kwa maoni yangu ila kijijini hakuna anayeiona, kule wanauliza mbona hukuchangia jeneza.

Halafu kuna petisheni, yaani kesi ya kupinga matokeo ya uchaguzi. Matokeo yakishachapishwa kwenye gazeti la serikali una siku 30 kwenda Mahakama Kuu, na njia hiyo mawakili tunaijua kuliko wote, wakili akishinda uchaguzi anashtakiwa, akishindwa anashtaki. Ndiyo maana wengi wakiapa hawafungi ofisi, kibao kinabaki pale barabarani na kuna kijana anashika mafaili, maana muhula ni miaka 5 na hapa kwetu kuna kesi za ardhi zenye umri kuliko huo.