Grafiti ya kinu cha nyuklia huchokaje?

Kata fito kumi za grafiti kutoka bonge moja, kisha uzivute moja moja mpaka zikatike. Utapata majibu kumi tofauti, na mashine yako haina kosa lolote. Ndivyo grafiti ilivyo. Huundwa kwa chembe za koka (kaboni ngumu inayobaki makaa au mafuta mazito yakichomwa bila hewa) zilizoshikanishwa kwa lami, zikaokwa, kisha zikapashwa moto hadi karibu nyuzi 2,800 za Selsiasi. Gesi inayotoka na kusinyaa wakati wa kupoa huacha matundu na mipasuko midogo kila mahali. Fuwele kamili ya grafiti ina gramu 2.26 kwa sentimita ya ujazo. Bonge la kinu lina kama 1.8. Yaani karibu sehemu moja ya tano ni tupu.

Hapo ndipo kipimo cha uchovu, yaani kuvunjika kwa mzigo unaorudiwa-rudiwa, kinapomtoa mtu jasho. Vuta na kuachia fito kwa mzigo ulio karibu na nguvu yake ya wastani: nyingine itakatika mara ya kwanza tu, nyingine itastahimili mamia ya maelfu ya mizunguko. Ile ya kwanza haikuchoka; ilizaliwa dhaifu. Grafu ya uchovu isiyoonyesha ngapi zilikatika mara ya kwanza, mimi siiamini. Njia ya nafuu ni kupima kwanza nguvu ya vipande jirani, kisha kukisia ya fito iliyobaki.

Hata hivyo, grafiti haipasuki kama kioo. Mbele ya ufa hufunguka vijipasuko vingi, ufa wenyewe hupinda ukizunguka chembe za koka, na nyuma yake chembe hizo bado hushikilia pande mbili na kusuguana. Kwa hiyo ufa unaporefuka, mwanzoni huzidi kuwa mgumu kuusogeza.

Ndani ya kinu, lakini, kikulacho ki nguoni mwako. Grafiti hupangwa humo kama matofali, na nyutroni hufanya tofali lisinyae, na baada ya miaka lianze kuvimba. Upande wa ndani, ulio karibu na fueli, hutangulia katika yote mawili. Mwanzoni upande huo ndio unaovutwa; baadaye mkazo hugeuka na kuvuta upande wa nje, penye pembe kali za mifereji ya funguo zinazounganisha matofali. Kutambaa kwa grafiti, yaani kujinyoosha polepole chini ya mzigo na mnururisho (kupigwa na nyutroni), hupunguza mkazo, bila hivyo matofali yangepasuka mapema mno. Nayo kaboni dioksidi ya kupoozea, ikichochewa na mnururisho, huila grafiti polepole.

Nyufa za mifereji hiyo ya funguo zilionekana Hunterston B, Scotland, kituo cha nyuklia kilichofungwa Januari 2022. Kule hakuna aliyehesabu mizunguko. Swali lilikuwa kama, tetemeko likitokea, mifereji ya fito za kudhibiti, zinazoshushwa ili kuzima kinu, itabaki imenyooka kiasi cha fito hizo kushuka.