Je, wajua kwa nini diwani wa England akipatikana na kosa la maadili hubaki na kiti chake?

Diwani kamtukana mtumishi wa halmashauri mbele ya watu. Uchunguzi umefanyika, kamati imetamka kwamba amevunja kanuni. Mwezi unaofuata yuko kwenye kiti kilekile, ananyoosha mkono kupiga kura, na posho inaingia kama kawaida. Aliyelalamika huamini kamati imembeba. Kumbe kamati yenyewe haina rungu.

Ni England tu, si Uingereza nzima. Scotland wana tume ya maadili inayoweza kumsimamisha diwani hadi mwaka 1 au kumwondolea sifa ya udiwani hadi miaka 5, na Wales malalamiko hupelekwa kwa Mchunguzi wa Malalamiko ya Umma. England nayo ilikuwa na chombo cha kitaifa, Standards Board for England, na adhabu ya kusimamishwa ilikuwepo. Serikali ya mseto iliyoingia 2010 ikaona chombo hicho kimegeuka uwanja wa madiwani kuchongeana kwa mambo madogomadogo. Sheria ya 2011 iitwayo Localism Act ikakifuta, kikafungwa 2012, na kusimamishwa kukaenda nacho. Hoja ilikuwa kwamba mwenye kumwondoa diwani ni mpiga kura. Hoja hiyo ina uzito, ila uchaguzi unaweza kuwa bado miaka 3 mbele, na mtumishi aliyetukanwa anakutana naye kila wiki.

Malalamiko huandikwa kwa afisa msimamizi wa maadili, ambaye sheria inailazimu halmashauri kuwa naye na mara nyingi ndiye mwanasheria wake mkuu. Kabla ya kuchunguza chochote anajiuliza: huyu alikuwa diwani siku hiyo? Alikuwa anatenda kama diwani? Na yanayodaiwa, yakithibitika, yanavunja kanuni za maadili za halmashauri?

Swali la pili ndilo linaloangusha mafaili mengi. Februari 2005 Ken Livingstone, Meya wa London, akitoka kwenye tafrija usiku, alimfananisha mwandishi wa Evening Standard, ambaye ni Myahudi, na mlinzi wa kambi ya mateso ya Wanazi. Jopo la maadili likamsimamisha wiki 4. Oktoba 2006 Mahakama Kuu ikaifuta adhabu: alikuwa ameshatoka kazini, na maneno mabaya ya mtu aliye katika mambo yake binafsi si kosa la cheo. Ndiyo maana ugomvi wa diwani na jirani yake juu ya ua hauendi popote, lakini akimtisha jirani huyohuyo kwamba atamzuilia kibali cha ujenzi, hapo amevaa udiwani.

Kinachofuata ni namna lalamiko lilivyoandikwa. "Diwani wetu ni mjeuri na hana heshima" haichunguziki. Linganisha na hili la mfano: "Tarehe 14 Machi, saa 1:40 usiku, katika kikao cha kamati ya mipango, alimwita karani mjinga mara mbili, waliokuwepo ni fulani na fulani, nadai amevunja kifungu cha heshima." Hapo kuna siku, maneno, mashahidi na kifungu. Usichanganye na hasira ya kunyimwa kibali, kwa sababu lalamiko juu ya uamuzi wa halmashauri lina njia yake nyingine. Na usitegemee kufichwa jina. Kwa kawaida mlalamikiwa huambiwa nani kamshtaki.

Mengi humalizwa hapo kwa kuombana radhi. Likichunguzwa, halmashauri lazima ipate maoni ya mtu huru kabla ya kuamua. Huyu hapaswi kuwa amewahi kuwa diwani au mtumishi wa halmashauri hiyo ndani ya miaka 5, wala ndugu au rafiki wa karibu wa waliomo. Akiulizwa baada ya uamuzi, mlalamikiwa amepata mlango wa kwenda mahakamani. Sheria haikuweka muda wa kumaliza uchunguzi, na faili likilala, mashahidi husahau.

Kosa likithibitika, kinachobaki ni karipio la wazi, kutangaza matokeo, kumtaka aombe radhi au ahudhurie mafunzo, na kukiomba chama chake kimtoe kwenye kamati. Akikataa kuomba radhi, amekataa. Kwa diwani wa baraza dogo la parishi, yaani ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa na si parokia ya kanisa, adhabu ni dhaifu zaidi: lalamiko hushughulikiwa na halmashauri iliyo juu yake, kisha parishi inapelekewa pendekezo tu, na inaweza kuliweka kabatini.

Kiti hupotea kwa njia nyingine kabisa. Hukumu ya kifungo cha miezi 3 au zaidi, hata cha nje, humwondoa. Kutohudhuria vikao kwa miezi 6 bila ruhusa, vilevile. Kuficha kwa makusudi maslahi ya kifedha ni jinai. Hilo ni la polisi, na mahakama inaweza kumzuia udiwani hadi miaka 5. Januari 2019 kamati ya taifa ya maadili ya umma ilipendekeza halmashauri zirudishiwe uwezo wa kusimamisha hadi miezi 6, na Desemba 2024 serikali ikaanza kukusanya maoni juu ya jambo hilohilo.