"Ana kiu", "amebemendwa", "ana meno ya plastiki": tunayoambiwa kuhusu watoto wachanga, na yalivyo

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Januari, joto la kuamka shuka imelowa. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kunilea arobaini yangu. Alinikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, na usiku aliamka kabla yangu mtoto akilia. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto ana kiu. Mpe japo vijiko viwili vya maji." Sikumpa, na siku mbili hatukuzungumza vizuri.

Sasa nina watoto watatu, na kila shoga yangu anapojifungua huniletea maswali yale yale. Nimekuja kuona kwamba wazee wetu mara nyingi waliliona jambo lenyewe sawasawa, kwa macho yao. Kilichokosewa ni sababu waliyolipa jambo hilo, na kutokana na sababu hiyo ikafuata dawa isiyofaa. Kwa hiyo haya siyaandiki kumdharau bibi wa mtu.

"Joto lote hili, asinywe maji?"

Mama mkwe aliona kweli: siku ya joto mtoto hulia na kutafuta ziwa kila mara. Lakini maziwa ya mama, karibu asilimia 88 yake ni maji. Yanayotoka mwanzo wa mnyonyo ni mepesi, ndiyo yanayokata kiu, na kadiri anavyoendelea kunyonya mafuta yanaongezeka. Siku ya jua kali mtoto huomba ziwa mara nyingi, kidogo kidogo. Mwacheni anyonye. Mwenye kuhitaji jagi la maji pembeni ni mama.

Ubaya wa vile vijiko viwili ni kwamba tumbo la mtoto ni dogo sana, na maji yakishaingia, maziwa yanakosa nafasi. Asiponyonya vya kutosha maziwa nayo yanapungua, kwa sababu yanatengenezwa kwa kunyonywa. Wiki ya pili mama analalamika hana maziwa, kumbe alianza kuyafukuza mwenyewe. Bado hatujataja maji yaliyokaa kwenye ndoo na kikombe kilichosuuzwa harakaharaka, ambavyo ndivyo vinavyoleta kuharisha.

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake: bila maji, bila glukosi, bila maji ya dawa ya tumbo yanayouzwa madukani. Dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya haihesabiki. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 64 ya watoto wa umri huo ndio walionyonyeshwa hivyo. Waliobaki, zaidi ya theluthi, walikuwa wamepewa kitu kingine. Ukitaka kujua kama mtoto anatosheka, hesabu nepi: baada ya wiki ya kwanza, anayekojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo si wa njano iliyokolea, anapata maziwa. Kisha tazama mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki.

Na asali ya kulambishwa ulimini, hata tone, isubiri mpaka atimize mwaka. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima linazimudu, lakini kwa mtoto mchanga huzaa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumua.

Hapa niseme na dada zangu wanaoishi na VVU, maana wengi bado wanaambiwa wasinyonyeshe kabisa. Mama anayemeza ARV zake kila siku na kufuata ratiba ya kliniki ananyonyesha, na mtoto hupewa dawa yake ya kinga. Kinachoongeza hatari katika miezi hiyo 6 ni kuchanganya: ziwa leo, uji kesho, maji ya glukosi keshokutwa.

"Hayo ya njano kamulia pembeni, ni machafu"

Wafugaji hawawezi kudanganywa katika hili. Muulize yeyote ndama asiyepata dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, huishia wapi. Maziwa ya mwanzo ya mama ni mazito, ya njano, na ni machache, kwa kuwa tumbo la mtoto siku hiyo linapokea kiasi cha kijiko kimoja cha chai hivi kwa mara moja. Rangi ile inatokana na vitu vinavyogeuzwa kuwa vitamini A, na ndani yake mna kingamwili nyingi kuliko maziwa yoyote atakayonyonya baadaye. Mtoto awekwe ziwani ndani ya saa 1 tangu kuzaliwa. Akipungua uzito kidogo siku za mwanzo usitishike, kwani watoto wengi hupungua, kisha huurudisha uzito wao wa kuzaliwa ndani ya wiki mbili.

"Hashibi, mpe uji"

Hii huja mtoto akiwa na miezi mitatu. Usiku analia, ananyonya kila saa, kila mtu nyumbani anasema maziwa yameisha nguvu. Ukweli ni kwamba kuna vipindi mtoto hukua kwa kasi, na kunyonya kwa fujo ndiyo njia yake ya kuagiza maziwa zaidi. Mvumilie siku mbili tatu, maziwa yataongezeka. Ule uji mwepesi wa chupa humlaza kweli, maana tumbo limejaa maji na wanga, lakini haujamlisha.

Akitimiza miezi 6 mambo yanageuka. Madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni yanaelekea kuisha, na maziwa peke yake hayatoshi tena. Wapo wanaokosea upande huu pia, wakiogopa kumpa chakula mpaka aote meno. Mpe, na kiwe kizito: uji ukiuinua kwa kijiko ubaki kijikoni, usitiririke. Tia maziwa au mafuta kidogo, ponda maharage, dagaa, maini. Mpe na yai. Sehemu nyingi watoto wamenyimwa yai kwa kuambiwa watachelewa kusema au watakuwa wezi, na hakuna yai lililowahi kumfanya mtoto hivyo. Miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, baada ya hapo mara 3 au 4, na ziwa liendelee hadi miaka 2 au zaidi.

Nataka nisimame kidogo kwenye unga wa lishe, kwa sababu hapa tunakosea tukidhani tunafanya vizuri mno. Mama ananunua mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano, soya, karanga, anasaga pamoja, anahesabu aina nane na kufurahi. Mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele na ngano ni kundi moja la chakula. Ukichanganya sita bado umempa wanga. Soya mbichi iliyosagwa bila kupikwa inasumbua usagaji wa protini tumboni. Karanga nazo, pamoja na mahindi, ndizo zinazoshambuliwa zaidi na sumukuvu ya ukungu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na karanga moja mbovu ikishasagwa huwezi tena kuitoa. Chukua nafaka moja au mbili, uji ukiiva ongeza karanga ulizochambua moja moja, ukakaanga na kusaga kidogo kidogo kwa wiki. Matunda na mboga vipe nafasi yake kwenye sahani.

"Mtoto huyu amebemendwa"

Hakuna neno lililowaumiza wanawake wa kwetu kama hili. Mtoto anakonda, miguu haina nguvu, nywele zinakuwa nyepesi na za wekundu, anaharisha. Watu wananong'ona: baba na mama wamelala pamoja mtoto bado ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, maziwa yameharibika. Mama akishasikia hivyo, kadi ya kliniki anaificha. Atampelekaje mtoto kwenye mzani mbele ya benchi zima, wakati mzani unasema siri za kitanda chake? Anakwenda kwa mganga usiku, na wiki zinapita.

Manii hayaingii kwenye maziwa. Hakuna njia mwilini inayounganisha viwili hivyo. Mtoto huyo ana utapiamlo, na mara nyingi nyuma yake kuna kuharisha kusikokoma, kifua kikuu, VVU, au chakula kisichotosha. Vyote vinapimika na vinatibika.

Lakini wazee waliona nini? Waliona kwamba mama akishika mimba nyingine mapema, mtoto aliye mgongoni huanza kudhoofika. Hilo ni kweli kabisa. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Ghana ya leo miaka ya 1930, aliliona kwa watoto wa huko, akaueleza ugonjwa huo kitabibu kwa jina ambalo wenyeji wa kabila la Ga walikuwa wakiuita: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto aliyetolewa ziwani kwa kuja mdogo wake. Mwiko wa kutolala pamoja ulikuwa uzazi wa mpango wa zama ambazo hazikuwa na njia nyingine. Uliwaokoa wengi, na siukejeli.

Leo njia zipo. Mama anayenyonyesha maziwa pekee usiku na mchana, hajaona hedhi, na mtoto hajafika miezi 6, amekingwa na mimba kwa takriban asilimia 98. Moja kati ya hayo matatu likivunjika, aende kliniki achague njia isiyopunguza maziwa. Inashauriwa kupita angalau miezi 24 kabla ya mimba inayofuata. Kinachonisikitisha ni kwamba hofu ya kubemenda imegeuka sasa na kumdhuru mtoto yule yule: baba anaanza kuzoea nyumba nyingine, au mama anamwachisha mtoto ziwa akiwa na miezi saba ili arudi kwa mumewe "bila kosa". Akina baba, hili zungumzeni na wake zenu waziwazi.

"Ana meno ya plastiki"

Habari hii si ya kale kama wengi wanavyodhani. Tanzania ilianza kusikika miaka ya mwanzo ya 1980, wengine wakiita meno ya nailoni. Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anamfunua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi pale panapotoka chonge. Anaambiwa ndiyo sababu. Unang'olewa kwa kitu chenye ncha, bila ganzi.

Uvimbe ule ni jino la kawaida linalojipanga kutoka. Mtoto aliyetobolewa anaweza kuvuja damu sana, kupata maambukizi, pepopunda, na hata meno yake ya ukubwani yakaota yameharibika au yasiote. Hayo hayo nayasema kwa kukata kimeo kwa ajili ya kikohozi.

Na kwa nini kuharisha kuje wakati wa meno? Kwa sababu ni miezi ile ile anapoanza kutambaa, kutia kila kitu mdomoni na kula vyakula vipya, huku kinga aliyotoka nayo kwa mama ikipungua. Anayeharisha mpe ORS, pakiti nzima katika lita 1 ya maji safi na salama, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6, miligramu 20 akizidi hapo. Ziwa na chakula visikatwe. Wanaosema "mfungie chakula ili tumbo litulie" wanamwongezea udhaifu.

"Degedege halitaki sindano"

Pwani nzima utasikia kwamba degedege ni ndege mbaya aliyepita usiku, ni shetani, na mtoto akichomwa sindano anakufa. Kwa hiyo kwanza anafukizwa, wengine kwa moshi wa kinyesi cha tembo, anapakwa mafuta na dawa za miti, hospitali baadaye.

Fikiria ilivyotokea. Mtoto mwenye malaria kali ameanza kutetemeka alfajiri. Siku nzima yuko kwa mganga. Anafika hospitali usiku, hajitambui, anachomwa sindano, anafariki saa moja baadaye. Aliyekuwepo aliona sindano, kisha kifo. Hakuziona zile saa zilizopotea.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kupata mtukutiko kwa homa tu, ukaisha ndani ya dakika chache bila madhara. Lakini unaweza kuwa wa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Mlaze ubavu, mlegeze nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, na mwende mara moja. Ukiwa mbali na hospitali, baadhi ya zahanati zinaweza kumwanzishia dawa ya malaria ya kuwekwa njia ya haja kubwa kabla ya safari.

Kitovu, na rangi ya manjano

Kitovu kiache kikavu na safi, nepi ikunjwe chini yake. Samadi, majivu, mate, unga wa mzizi, vyote vitoke. Bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na vinyesi. Kama umepewa jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kliniki, paka hiyo peke yake.

Mtoto akiwa wa manjano wengi humwanika juani na kungoja. Manjano hafifu ya siku ya tatu mara nyingi huisha yenyewe kadiri anavyonyonya, lakini jua la asubuhi si tiba ya manjano kali, inayoweza kudhuru ubongo na hutibiwa kwa taa maalumu hospitalini. Ikitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au ikafika viganjani na nyayoni, ondoka nyumbani. Ondoka pia akikataa ziwa, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu zikibonyea, mwili ukiwa wa moto au wa baridi, au ngozi inayozunguka kitovu ikiwa nyekundu, hata kama ni saa nane usiku. Njiani mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi chini ya khanga, endelea kumpa ziwa kama anaweza kunyonya, na beba kadi yake.