Kiwiko cha Tommy John

Kutanisha kidole gumba na kidole kidogo, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Ile kamba inayochomoza katikati ni kano, na kazi yake ni ndogo mno: wapo watu wengi tu waliozaliwa bila hiyo na hawana habari. Sisi wa fiziotherapia ya michezo tunaiheshimu, maana imewarudisha kazini warushaji wengi wa besiboli.

Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji kutoka umbali wa mita 18.44. Mkono unapofika nyuma kabisa na kuanza kuchomoka mbele, upande wa ndani wa kiwiko huvutwa kana kwamba unataka kufunguka. Kinachouzuia, pamoja na misuli, ni ligamenti fupi inayounganisha mfupa wa mkono wa juu na ule wa chini. Ikikatika, mtu bado anaweza kula, kuandika, hata kubeba ndoo. Kurusha kwa kasi ndiko kunakomshinda.

Tommy John, mrushaji wa mkono wa kushoto, aliingia ligi kuu ya Marekani mwaka 1963 na timu ya Cleveland. Hakutegemea kasi, mpira wake ulizama ukimkaribia mpigaji. Julai 1974, akiwa Los Angeles Dodgers na rekodi ya ushindi 13 na vipigo 3, ligamenti ikakatika. Septemba mwaka huo Dk. Frank Jobe alitoa kano ya mkono wake wa kulia, akatoboa mifupa ya kiwiko cha kushoto na kuipitisha humo. Alimkadiria nafasi 1 kati ya 100 ya kurudi.

Watu husimulia upasuaji, mimi navutiwa na mwaka 1975, ambao hakucheza kabisa. Kano iliyohamishwa haina damu yake. Mwili lazima uijengee mishipa na kuigeuza polepole ifanye kazi ya ligamenti. Hakuna dawa ya kuharakisha hilo. Hata leo mrushaji hukaa miezi kadhaa bila kugusa mpira, kisha huanza kwa umbali mfupi, na kurudi kamili huchukua mwaka au zaidi. Kwa Tommy John neva pia ilisumbua, akapasuliwa tena. Alirudi 1976, akastaafu 1989 akiwa na miaka 46. Kati ya ushindi wake 288, 164 aliupata baada ya upasuaji.

Kutokana na habari kama hizi, wako wazazi Marekani wanaodhani upasuaji huongeza kasi. Hauongezi. Mrushaji akirudi na nguvu zaidi, sifa ni za ule mwaka wa mazoezi ya miguu, kiuno na bega, na hayo mtoto mwenye afya anaweza kuyafanya bila kisu. Cha maana kwa watoto ni kuhesabu mitupo: katika Little League, ligi ya besiboli ya watoto, mrushaji wa miaka 11 na 12 haruhusiwi kuzidi 85 kwa siku.

Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na pia kupiga, alifanyiwa upasuaji huu 2018, na kiwiko hichohicho kikapasuliwa tena 2023. Msimu wa 2024 alicheza kama mpigaji tu, akawa mchezaji bora wa ligi yake, kwa kuwa kupiga hakuivuti ligamenti kama kurusha. Kurusha alisubiri hadi Juni 2025.