Glavu ya Dhahabu na Tetesi za Usajili: Mashabiki Wanapokosea

Mapema Novemba, World Series, yaani fainali ya ligi kuu, ikishaisha, mashabiki wa besiboli Marekani huingia kwenye mabishano mawili kwa mpigo. Kwanza, nani alistahili Gold Glove, ile Glavu ya Dhahabu wanayopewa wadakaji bora wa kila nafasi. Pili, nani abadilishwe na nani kabla ya msimu mpya. Haipiti siku mbili mabishano hayo yanachanganyika: "Yule ana Glavu tatu, haondoki yule." "Mtoeni huyo mwenye Glavu, tuletewe mrushaji," yule anayemtupia mpigaji mpira. Sisi tunaofuatilia kutoka Afrika Mashariki tuna shida ya ziada. Mechi ya jioni ya New York kwetu huanza saa nane usiku, na ya Los Angeles saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo wengi wetu tunaijua ligi kwa vipande vya video na orodha za tuzo. Na orodha ya tuzo inataka kusomwa kwa jicho kali.

Dhana: Mwenye Glavu ya Dhahabu ndiye mdakaji bora wa nafasi yake

Mara nyingi ndiye. Mara nyingine siye, na chanzo ni namna tuzo inavyotolewa. Rawlings, kampuni inayotengeneza glavu zenyewe, iliianzisha mwaka 1957. Wapiga kura ni makocha wakuu na wasaidizi wao katika kila moja ya ligi mbili za ligi kuu, American League na National League, na hakuna anayeruhusiwa kumpigia mchezaji wake mwenyewe. Sharti hilo ni zuri, lakini maana yake kila kocha anawapigia watu anaowaona mara chache kwa msimu, tena siku ambazo macho yake yako kwa vijana wake. Hapo ndipo jina kubwa hupenya. Gongo nalo hupenya: anayepiga vizuri hukumbukwa, hata pale kura inapohusu kudaka.

Kila mbishi ana mfano wa 1999 mfukoni. Rafael Palmeiro wa Texas Rangers alilinda kituo cha kwanza mechi 28 tu msimu ule. Sehemu kubwa ya msimu alikuwa mpigaji asiyedaka, yule anayeingia kupiga kisha anarudi kukaa benchi. Alitoa mipira 47 nje ya uzio, alikuwa na Glavu za miaka miwili iliyotangulia, na makocha wakampa ya tatu. Kwa mechi 28!

Tangu 2013 mambo yamebadilika kidogo. Karibu robo ya hesabu sasa inatokana na kipimo cha takwimu kinachoandaliwa na SABR, jumuiya ya watafiti wa besiboli. Mwaka 2020, msimu ulipofupishwa kuwa mechi 60 kwa sababu ya korona, kura hazikupigwa kabisa. Takwimu peke yake ziliamua. Hivyo Glavu ya 1999 na ya 2023 hazikupatikana kwa njia moja, ingawa kwenye wasifu wa wachezaji zinahesabiwa sawasawa.

Dhana: Asiyefanya makosa ndiye mlinzi mzuri

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inaonekana kuwa na mantiki. Mtu anakuletea jedwali: huyu makosa matano, yule makosa kumi na tano, basi kesi imekwisha.

Kosa katika besiboli haliandikwi na mashine. Linaandikwa na mtu, mwandishi rasmi wa matokeo wa mechi hiyo, anayeamua kama mdakaji wa kawaida angeuweza mpira ule kwa juhudi ya kawaida. Sasa chukua mpira unaobingirika kwa kasi kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mlinzi wa pale, ambaye wenyewe humwita shotistopu, anapiga hatua mbili, anaona hautafikiwa, anausindikiza kwa macho. Mpigaji yuko salama kituo cha kwanza na mlinzi haandikiwi kitu. Shotistopu wa timu nyingine anaukimbilia mpira uleule, anajirusha kifudifudi, anaunasa, anainuka kwa magoti na kuurusha. Ukipita juu ya kichwa cha mwenzake, yeye ndiye atakayeandikiwa kosa.

Derek Jeter wa New York Yankees ameacha mabishano makubwa juu ya hilo. Ana Glavu tano: 2004, 2005, 2006, 2009 na 2010. Alikuwa na mtindo wake uliopendwa na kila mtu, wa kukimbilia upande wake wa kulia, kuruka juu na kurusha mpira akiwa bado hewani. Kamera iliupenda, makocha waliupenda. Lakini watu wa takwimu walikuwa wakihesabu mipira iliyopita kushoto kwake, kuelekea katikati ya uwanja, ile ambayo wenzake waliifikia na yeye hakuifikia. Katika vipimo vyao Jeter yuko karibu na mkiani mwa mashotistopu wa zama zake. Mimi naamini vipimo, ingawa simlaumu aliyeamini macho yake. Mpira usiofikiwa haurudiwi kwenye video za usiku.

Tangu 2015 mfumo wa Statcast unafuatilia kila mchezaji na kila mpira katika viwanja vyote vya ligi kuu. Kwa mdakaji wa nyuma unaangalia alianzia wapi, alitakiwa kwenda umbali gani, na alikuwa na sekunde ngapi, kisha unatoa uwezekano wa mpira huo kudakwa. Ukidaka mpira wenye uwezekano wa asilimia 25, unaongezewa 0.75. Ukiukosa, unapoteza 0.25 tu. Aliyekosa mpira wa asilimia 90 anapoteza karibu pointi nzima, hata kama jedwali la zamani halikumwandikia kosa lolote.

Ningetamani kipimo hicho kingekuwepo tarehe 10 Oktoba 1968. Mechi ya saba ya World Series, St. Louis Cardinals nyumbani dhidi ya Detroit Tigers, awamu ya saba, hakuna aliyefunga, auti mbili (ya tatu humaliza zamu ya kupiga), wakimbiaji wawili wa Detroit wako vituoni. Jim Northrup anaupiga mpira mrefu kuelekea katikati ya uwanja wa nyuma. Pale amesimama Curt Flood, mtu ambaye msimu mzima wa 1966 hakuandikiwa kosa hata moja. Flood anapiga hatua kuja mbele. Kisha anatambua, anageuka, mguu unateleza, na mpira unapita juu yake. Wakimbiaji wote wawili wanafika kituo cha mwisho na kufunga, na Detroit wanamaliza na ushindi wa 4–1. Mwandishi wa matokeo aliuandika kuwa pigo safi la vituo vitatu. Kwa jedwali, Flood hakukosea kitu. Mwaka huo alipata Glavu, na mwaka uliofuata akapata tena.

Dhana: Tuzo humlinda mchezaji asiuzwe

Tubaki na Flood. Kuanzia 1963 hadi 1969 alichukua Glavu saba mfululizo. Oktoba 1969 alipata habari kwa simu kwamba amebadilishwa: yeye na wenzake, akiwemo Tim McCarver, wanakwenda Philadelphia Phillies, na Dick Allen anakuja St. Louis. Hakuulizwa. Enzi hizo mkataba wa mchezaji ulikuwa na kifungu kilichoifanya klabu immiliki mwaka baada ya mwaka, ikimtoa apendapo mwenye klabu, naye hana pengine pa kwenda.

Flood alikataa. Tarehe 24 Desemba 1969 alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Aliacha mshahara wa msimu mzima wa 1970 na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako alishindwa mwaka 1972 kwa majaji watano dhidi ya watatu. Alirudi uwanjani mwaka 1971 na Washington Senators, akacheza mechi 13, akaondoka. Cardinals, ili kuwafidia Phillies waliomkosa, walilazimika kutoa wachezaji wengine wawili.

Kinachomlinda mchezaji leo ni karatasi. Kuanzia 1973, makubaliano ya wachezaji na wenye klabu yanasema mwenye miaka kumi katika ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na klabu ileile, anaweza kukataa kuhamishwa. Wa kwanza kuitumia haki hiyo alikuwa Ron Santo wa Chicago Cubs mwaka huohuo; aligoma kwenda California Angels, akaishia White Sox, mji uleule. Santo alikuwa na Glavu tano, ambazo hazikuwa na kazi yoyote katika jambo hilo. Wengine huwekewa kifungu cha kukataa kwenye mikataba yao binafsi. Nolan Arenado alikuwa nacho Februari 2021, Colorado Rockies walipompeleka Cardinals akiwa na Glavu nane katika misimu minane, tena wakaongeza takriban dola milioni 50 za kusaidia mshahara wake. Safari hiyo alikubali. Desemba 2024 Cardinals walipotaka kumpeleka Houston Astros, alisema hapana, na biashara ikafa.

Dhana: Klabu kubwa inaweka pesa mezani na kumchukua

Shabiki wa soka anaingia besiboli na lugha ya ada ya uhamisho, na si kosa lake. Huku mchezaji hubadilishwa kwa wachezaji, mara nyingi nyota mmoja kwa vijana watatu au wanne ambao bado wako ligi za chini, na mkataba wake unasafiri naye. Pesa huja kama nyongeza. Mwaka 1976 Charlie Finley wa Oakland Athletics alijaribu kuuza taslimu: Joe Rudi na Rollie Fingers kwenda Boston kwa dola milioni moja kila mmoja, na Vida Blue kwenda Yankees kwa milioni moja na nusu. Kamishna Kuhn, yuleyule, alizifuta biashara zote.

Upo pia mtindo wa "mchezaji atakayetajwa baadaye". Mwaka 1962 New York Mets walimchukua Harry Chiti kutoka Cleveland kwa masharti hayo, na baadaye wakamrudisha Chiti huyohuyo kulipia deni. Amebadilishwa na nafsi yake.

Dhana: Glavu moja ni mrushaji mmoja

Mapendekezo ya mashabiki huwa hivi: ana tuzo, kwa hiyo ana bei. Meneja mkuu anauliza maswali mengine: ana umri gani, analipwa kiasi gani, amebakiza miaka mingapi chini ya klabu, anapiga? Mchezaji ambaye hajafikisha miaka sita ya ligi kuu bado hawezi kuondoka kama mchezaji huru, na mara nyingi mshahara wake ni mdogo. Glavu ya kijana wa namna hiyo inasisimua soko. Ya mkongwe mwenye mshahara mnene inaweza kuhitaji nyongeza ya pesa ili apokelewe, kama tulivyoona kwa Arenado.

Andrelton Simmons, kijana wa Curaçao, alikuwa na Glavu za 2013 na 2014 na miaka mitano ya mkataba Atlanta Braves walipompeleka Angels Novemba 2015, wakapata warushaji wawili vijana, shotistopu mkongwe Erick Aybar na pesa kidogo. Gongo lake halikutisha. Mwaka huohuo alikuwa amenyimwa Glavu, ingawa vipimo vilimweka juu. Angels hawakujali, kwao akachukua za 2017 na 2018.

Na mifano ya kale ipo. Ozzie Smith alikuwa na Glavu mbili na gongo dhaifu San Diego Padres walipokubali kumtoa kwa Garry Templeton wa Cardinals, shotistopu aliyepiga vizuri zaidi. Ozzie naye alikuwa na kifungu cha kukataa, ikabidi kocha Whitey Herzog asafiri kwenda kumbembeleza. Cardinals wakatwaa ubingwa msimu huohuo wa 1982, na Ozzie akafikisha Glavu 13.

Dhana: Siku ileile unajua nani kapigwa

Januari 2021 Cleveland walimtoa Francisco Lindor, shotistopu mwenye Glavu mbili, kwenda Mets pamoja na mrushaji Carlos Carrasco. Hukumu ya wengi ilikuwa papo hapo: Cleveland wameibiwa. Lindor kweli amewafaa Mets. Lakini kati ya waliokwenda Cleveland alikuwemo Andrés Giménez, ambaye alichukua Glavu za kituo cha pili mwaka 2022, 2023 na 2024 mfululizo. Ya tatu aliipata Novemba. Desemba hiyohiyo naye akapelekwa Toronto Blue Jays.

Dhana: Aliyeng'ara World Series kaporwa tuzo

Giménez ndiye alikuwa shotistopu wa Toronto kwenye fainali za 2025. Upande wa pili, nafasi hiyohiyo, alikuwepo Mookie Betts, aliyeletwa Los Angeles Dodgers kutoka Boston kwa mabadilishano ya Februari 2020. Betts ana Glavu sita, zote za kulia kwa uwanja wa nyuma, na alihamia shotistopu akiwa ameshavuka miaka 30. Mechi ya saba, awamu ya 11, Dodgers wakiongoza 5–4, Alejandro Kirk wa Toronto alivunja gongo na mpira ukabingirika hadi kwa Betts. Aliudaka, akakanyaga kituo cha pili, akamrushia Freddie Freeman kituo cha kwanza. Auti mbili, ubingwa.

Glavu ya shotistopu wa National League mwaka huo ilikwenda kwa Masyn Winn wa Cardinals, ambao hata mtoano hawakufika. Anayepiga kelele kwamba Betts kaporwa ajue kwamba tuzo inahusu mechi 162 za msimu wa kawaida, na mpira ule wa Toronto haukuwa miongoni mwake.